Nasaba Isiyo na Daftari

Nasaba ni dai kabla haijawa kumbukumbu. Anayesema yeye ni mjukuu wa fulani anadai mambo mawili kwa mpigo: kwamba watu fulani waliishi na kuzaana kwa mpangilio fulani, na kwamba mpangilio huo unampa haki na wajibu, uwe wa kurithi shamba, wa kuoa au kutooa, au wa kuombea kaburi. Dai la kwanza huamuliwa kwa ushahidi. La pili ni la dini na maadili, nalo haliishi hata ushahidi ukikosekana. Rumonge, na mwambao wote wa Burundi kwenye Ziwa Tanganyika, ushahidi umekosekana mara nyingi na kwa sababu nyingi, na hapo ndipo swali linapojitokeza waziwazi: mtu asiyeweza kuthibitisha wahenga wake anawiwa nini nao, na jamii inawiwa nini naye?

Mji wa Rumonge uko yapata kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, kwenye tambarare ya Imbo, kati ya maji na miinuko inayopanda kuelekea Bururi. Ni mji wa bandari na soko. Mawese, dagaa na mikeke ndivyo vinavyoujaza. Mwaka 2015 ulifanywa makao makuu ya mkoa mpya wenye tarafa tano, yaani Bugarama, Burambi, Buyengero, Muhuta na Rumonge yenyewe, na mageuzi ya utawala ya 2025 yakauingiza mji huo ndani ya mkoa mkubwa wa Burunga. Wakazi wake hawakutoka mahali pamoja. Wapo Warundi walioshuka kutoka vilimani, wapo Wabembe na Wabwari waliovuka kutoka upande wa Kongo, wapo Waislamu wa Kiswahili ambao njia yao ilipitia Ujiji, na wapo wanaoitwa Wamanyema, ambao wengi wa babu zao walifika ziwani wakiwa wapagazi, askari au watumwa wa misafara. Mji wa namna hii haukosi historia. Unachokosa ni daftari moja la kuiweka yote.

Kipimo ambacho watafiti wengi wa nasaba hukitumia, mara nyingi bila kujua, ni kijiji cha Uingereza. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Julai 1837, na sensa ya 1841 ikaorodhesha watu kwa majina, kaya kwa kaya. Ukiongeza wosia, ramani za zaka na mawe ya makaburi, na jina la ukoo linaloshuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana bila kubadilika, mzao wa mkulima wa kawaida anaweza kupanda karne nne nyuma akiwa ameketi mezani. Hata hivyo kijiji hicho si cha haki kama kinavyoonekana. Mwenye ardhi ameacha kurasa. Kibarua wake ameacha mistari mitatu, kwamba alibatizwa, alioa, akazikwa.

Burundi haikujengwa hivyo. Kwa asili Warundi hawakukaa vijijini, bali kila mji wa familia ulisimama peke yake juu ya kilima, na kilima ndicho kilichokuwa anwani ya mtu. Wala hakukuwa na jina la ukoo la kurithishana. Kila mtoto hupewa jina lake la Kirundi, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina ambayo mgeni hawezi kuyaunganisha. Aitwaye Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani ni wa nane, Bukuru na Butoyi ni mapacha. Majina mengine humtaja Imana, yaani Mungu, na mengine hutaja ugomvi na majirani au msiba uliotangulia kuzaliwa. Mtafiti anayetafuta ukoo mmoja kwa kufuata herufi atapotea siku ya kwanza. Ajuaye kusikiliza, lakini, anapata habari ambayo daftari la Uingereza halina: mbele ya Minani kuna wazaliwa saba wa kuulizia habari zao. Waislamu wa Rumonge hufuata njia nyingine, ya jina la mtu likifuatwa na la baba na la babu, njia ambayo hubeba vizazi vitatu kwa urahisi na kwa kawaida humwacha wa nne.

Maandishi ya kwanza ya kudumu kuhusu Rumonge yaliletwa na Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers. Walifungua kituo hapo mwaka 1879, muda mfupi baada ya kufika Ujiji. Tarehe 4 Mei 1881 mapadri wawili, Deniaud na Augier, waliuawa pamoja na msaidizi wao mlei D'Hoop, katika mgogoro uliohusu mtoto aliyekombolewa na misheni kutoka utumwani. Kisa hicho kinafaa kutazamwa kwa makini, maana kinaonyesha jinsi kumbukumbu inavyochagua. Majina ya Wazungu watatu yako katika kila historia ya Kanisa Burundi. Mtoto, ambaye bila yeye kisa chenyewe kisingekuwapo, hutajwa kwa kawaida kama mtoto tu: hana baba, hana mama, hana kilima alikotoka. Ugomvi mzima ulikuwa juu ya swali la nasaba, yaani huyu ni wa nani, na waliojibu walikuwa watu wazima wenye silaha au wenye kalamu.

Baada ya hapo mwambao ulipita mikononi mwa wengi. Miaka ya 1880 na mwanzoni mwa 1890 Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ajulikanaye kama Rumaliza, aliendesha biashara na uvamizi kutoka Ujiji. Wajerumani wakafuata; kisha ugonjwa wa malale ulipukutisha watu wa ufuko mapema katika karne ya 20, na utawala ukawahamisha wakazi kutoka sehemu za kando ya maji. Familia iliyohamishwa iliacha makaburi nyuma yake, na kaburi lisilotembelewa ni ushahidi unaoota majani. Wabelgiji waliingia 1916 na kukaa hadi uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Kila mtawala aliondoka na karatasi zake au aliziacha kwa mrithi wake. Ndiyo maana leo mtu wa Rumonge anayetafuta habari za babu zake huenda akatakiwa kugonga milango ya Roma, yalipo makao ya Wamisionari wa Afrika na shajara za vituo vyao; ya Brussels, ziliko nyaraka za utawala wa Kibelgiji; na ya Dar es Salaam, ambako Nyaraka za Taifa zinahifadhi majalada ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Cha karibu zaidi ni kitabu cha ubatizo cha parokia, pengine mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani.

Kitabu hicho kinastahili kufunguliwa. Mstari mmoja unabeba namba, tarehe, jina la ubatizo na jina la Kirundi, jina la baba na la mama, msimamizi wa ubatizo, na saini ya padri. Pembeni huachwa nafasi, kwa kuwa sheria ya Kanisa inataka kipaimara na ndoa viongezwe hapohapo, hata miaka thelathini baadaye na hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine. Kwa hiyo mstari mmoja ni maisha mazima yaliyofupishwa. Lakini haukuandikwa kwa ajili ya wajukuu. Uliandikwa ili ijulikane nani ameingia katika mwili wa Kristo na nani yuko huru kuoa. Orodha za kodi za Wabelgiji nazo zilihesabu wanaume wazima wenye nguvu, kwa kuwa hao ndio waliotakiwa kulipa na kufanya kazi. Mwanamke, mtoto na kizee hawakuwa na sababu ya kuwamo. Mtafiti anayezikuta orodha hizo anasoma jibu la swali ambalo si lake. Haitoshi kuuliza kama karatasi inasema kweli. Inabidi kuuliza ilitaka kujua nini.

Hapa dini zinakuwa na la kusema, tena hazisemi jambo moja. Kitabu cha Ezra, sura ya 2, kinaeleza jinsi familia kadhaa za makuhani waliorudi kutoka Babeli zilivyotafuta majina yao katika orodha za nasaba wasiyaone, wakaondolewa katika ukuhani. Huo ni ukali wa jamii inayojijenga upya baada ya uhamisho, na Burundi ya leo inaujua vizuri ukali huo. Hata hivyo Ezra anaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: uamuzi ule uliwekwa hadi atakapopatikana kuhani wa kumuuliza Mungu kwa Urimu na Thumimu. Daftari halikupewa neno la mwisho. Katika Agano Jipya, Mathayo na Luka wanatoa nasaba mbili za Yesu zinazoachana mara baada ya Daudi, mmoja akipitia kwa Sulemani na mwingine kwa Nathani, na Kanisa limezisoma zote mbili kwa karne nyingi bila kuona haja ya kufuta mojawapo. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unafika mbali zaidi, unaonya kuhusu nasaba zisizo na mwisho zinazozaa ubishi.

Upande wa Uislamu, sura ya Al-Ahzab, katika aya yake ya tano, inaagiza watu waitwe kwa baba zao wa kweli, na mtoto wa kulea asigeuzwe wa kuzaa kwa maneno tu. Papo hapo aya inamfikiria yule ambaye baba yake hajulikani: huyo ni ndugu katika dini. Kwa mji kama Rumonge hilo halikuwa suala la vitabuni. Mtumwa aliyeachwa huru alibaki, kisheria, na uhusiano uitwao kwa Kiarabu “wala” na aliyemwacha huru, na mara nyingi alichukua utambulisho wa nyumba ile au jina pana kama Umanyema, ambalo lilikusanya watu wa makabila mengi chini ya mwavuli mmoja. Kizazi cha tatu kikijieleza kwa jina hilo, je, kinasema uongo? Kwa kipimo cha damu, pengine. Kwa kipimo cha aliyelisha, aliyeozesha na aliyezika, hapana. Kipimo cha pili hakiwezi kuitwa duni kwa sababu tu hakipimiki maabara. Vipimo vya vinasaba vinaweza kuonyesha undugu wa damu, lakini havisemi nani alisimama mahali pa baba.

Jibu lililo wazi kuliko yote, hata hivyo, hutolewa makaburini. Katika mazoea ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea Afrika Mashariki kutoka pwani hadi bara, maiti akishafukiwa hukaa mtu kando ya kaburi akamsomea talkini, kumkumbusha majibu ya maswali ya malaika. Marehemu huitwa kwa jina lake na la mama yake, si la baba. Mama asipojulikana, huitwa mwana wa Hawa. Wapo wanazuoni wanaoikataa talkini wakisema hadithi inayoitegemeza ni dhaifu, na ubishi huo umefika hata misikiti ya kando ya Tanganyika. Lakini kama wazo, utaratibu huu una kina ambacho nyaraka hazina. Mtu aliyepoteza nasaba yake yote kwa uvamizi, njaa au msafara hafiki kaburini bila mzazi. Anarudishwa kwa mama wa wote, na ibada inaendelea bila kusubiri cheti.

Warundi nao walikuwa na elimu yao ya nasaba kabla ya misheni na msikiti. Wazee wa nyumba walikumbuka wahenga na kuwapa heshima yao, na katika ibada ya kubandwa Kiranga alikuwa mpatanishi kati ya watu na Imana. Kumbukumbu hiyo haikukusudiwa kuwa ndefu bila kikomo. Hata ufalme wenyewe ulijengewa usahaulifu: wafalme walipokezana majina manne kwa mzunguko, Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa, na mfalme mpya alipotawazwa kwa jina fulani, uzao wa mfalme wa zamani wa jina lilelile ulipoteza uganwa, yaani hadhi ya ukoo wa kifalme. Wanahistoria waliokusanya masimulizi, miongoni mwao Jan Vansina, walijikuta wakibishana kama mzunguko huo tangu Ntare Rushatsi ulipita mara nne au mara mbili tu. Wengine waliona hapo udhaifu wa mapokeo ya mdomo. Ni afadhali kuona hapo kanuni: nasaba ilihifadhi kile ambacho bado kilikuwa na kazi, na iliruhusu kilichomaliza kazi kiende. Mshingantahe, yaani mzee mwamuzi wa kilima, aliyesimama kushuhudia mpaka wa shamba hakuulizwa habari za karne ya 17. Aliulizwa nani alilima hapa, nani alimpa, nani alikuwapo.

Kanuni hiyo ilivunjwa mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili uasi ulizuka kusini, ukiwa mkali hasa Rumonge na Nyanza-Lac, na waasi wakaua Watutsi pamoja na Wahutu waliokataa kujiunga nao. Ukafuata ulipizaji wa jeshi na vijana wa chama tawala katika nchi nzima, uliolenga Wahutu, hasa waliosoma. Makadirio ya waliouawa huanzia 100,000 hadi 300,000. Wengi walitupwa katika makaburi ya pamoja. Kwa desturi ya Kirundi msiba hufungwa kwa kuganduka, siku ambayo madeni ya marehemu hutajwa na mrithi huonyeshwa mbele ya watu. Pasipo mwili, na pasipo ruhusa ya kulia hadharani, sherehe hiyo haikufanyika, na maana yake kinasaba ni nzito: mnyororo haukukatika kwa kusahauliwa, ulikatwa mahali ambapo kizazi kimoja hukabidhi kwa kingine.

Wakimbizi waliovuka kwenda Tanzania waliwekwa katika kambi za Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995, aliona tofauti ya kushangaza. Wakimbizi wa kambi ya Mishamo walisimulia historia yao kwa bidii, kila mmoja akiithibitisha ya mwenziwe, na asili yao ikawa hazina. Wale waliojitafutia maisha katika mji wa Kigoma walifanya kinyume, wakajichanganya na wenyeji na kuacha asili yao ifichike. Hakuna msingi wa kuwaita wa kwanza waaminifu na wa pili wasaliti. Mama anayemwacha mwanawe akue bila kujua kilima alikotoka babu yake, ili asibaguliwe shuleni, naye anatimiza wajibu wa mzazi.

Tofauti hiyo ilirudi na nguvu mpya pale wakimbizi walipoanza kurejea baada ya Mkataba wa Amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000. Rumonge, mashamba mengi ya michikichi yalikuwa mikononi mwa wengine kwa zaidi ya miaka thelathini, baadhi wakiwa wamepewa na serikali yenyewe. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa 2006, ilijikuta ikiamua kesi za nasaba zilizovaa nguo za ardhi. Mtu aliyezaliwa kambini alitakiwa aonyeshe kwamba yeye ni mtoto wa fulani, kwamba fulani alilima pale, na kwamba jirani wa mpaka bado anamkumbuka. Nasaba aliyoisikia jioni Ulyankulu ilikuwa hati yake pekee. Aliyekaa juu ya shamba naye alikuwa na karatasi na watoto waliozaliwa hapo. Aliyekuwa na ushahidi mwingi hakuwa lazima mwenye haki zaidi, na tume yoyote inayosahau hilo hurudia hukumu ya Ezra bila ile subira yake.

Suala la wafu wenyewe lilishughulikiwa na Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Februari 2020 ilitangaza kwamba imefukua mabaki ya watu 6,032 katika makaburi ya mkoa wa Karuzi, na baadhi walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Miwani haimo katika orodha yoyote ya vyanzo vya nasaba. Ilitosha kumrudishia mtu jina kwa sababu yupo aliyemkumbuka akiwa ameivaa, na hapo ushahidi na uhusiano vilikutana bila karatasi kati yao.

Linabaki swali la kufunguliwa kwa vyanzo. Kuna mvuto wa kutaka kila kitabu cha parokia, kila orodha ya kodi na kila shajara ya misheni inayohusu Rumonge ipigwe picha na iwekwe wazi kwa wote, na hoja ya haki ina uzito: si sawa habari za mtu zikae Brussels na yeye akae Buyengero. Lakini sitara nayo ni wajibu. Daftari linaloonyesha kwamba bibi wa fulani alikombolewa utumwani, au orodha inayomtambulisha mtu kikabila katika nchi ambako orodha za majina zimewahi kuua, si mali ya mpita njia. Uingereza hufunga taarifa za sensa kwa miaka 100. Ile ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Kwa Rumonge kanuni hiyo ingefunga habari za 1972 hadi 2072, wakati ambapo aliyekuwa na miaka ishirini siku ile angekuwa na miaka 120, na hakuna tena wa kusema miwani ile ilikuwa ya nani. Parokia zina utaratibu wa zamani ulio kati ya kufunga na kufungua: kitabu hakitoki ofisini, bali mhusika au mtoto wake anapokuja na kujieleza, padri hunakili mstari unaomhusu na kupiga muhuri.